Wembe unasema kioo kiko sawa, nyota inakataa: nimekosea wapi?

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi), mwanzisha uzi

Jambo bandugu. Huu ni mwezi wa tano nasaga kioo cha darubini hapa nyumbani Katuba, na tangu wiki iliyopita silali vizuri. Naleta mashitaka hapa, mniamulie.

Kioo kina kipenyo cha milimita 200 na unene wa 25. Zamani kilikuwa kidirisha cha tanki la kiwandani. Nilikikuta kwa muuza vyuma chakavu kimeganda matope, hata yeye hakujua kama ni kioo. Nimekichimba kwa unga wa kaborandumu kuanzia namba 80 mpaka ule laini kabisa, kisha nikaking'arisha kwa ceri oksidi juu ya lami. Rediasi ya mpindo ni milimita 2,400, kwa hiyo fokasi yake ni 1,200. Nataka kiwe parabola, umbo linalokusanya mwanga wa nyota mahali pamoja.

Kupima napima kwa wembe, ile njia ya Foucault, mwanafizikia Mfaransa wa zamani. Taa ni tochi ya simu iliyofunikwa bati lenye ufa mwembamba. Wembe umekaa juu ya kibao kinachosukumwa na bolti ya M6. Bolti hiyo ikizunguka mara moja inasogea milimita 1 kamili, nami nimeifunga kisahani cha mbao chenye alama 20, kwa hiyo kila alama ni milimita 0.05. Mbele ya kioo naweka katoni yenye jozi nne za matundu, kwenye milimita 40, 62, 78 na 92 kutoka katikati. Kwa kila jozi natafuta mahali ambapo matundu ya kushoto na kulia yanazimika kwa pamoja, kisha nasoma bolti.

Hesabu ilinitaka nipate milimita 0, 0.47, 0.93 na 1.43. Nimepata 0, 0.45, 0.95 na 1.40. Nikamwambia mke wangu tumemaliza.

Juzi nikakiweka kwenye bomba hivyo hivyo bila kupaka aluminiamu, nikaelekea nyota ya Antares. Nikivuta ndani ya fokasi, pete ya nje imekaza, inang'aa kama ukingo wa sahani. Nikisogea nje ya fokasi, pete hiyo hiyo imefifia kama moshi na katikati kuna donge la mwanga. Kioo kizuri kingeonyesha pete zinazofanana pande zote mbili. Sasa nani mwongo, wembe ao nyota?

Simba_Kamalondo

Miezi mitano unasugua kioo kimoja? Na mke bado yuko nyumbani?

Kijana_wa_Katuba

Yuko. Anasema hakuna sufuria ya nyumba hii imewahi kusuguliwa namna hiyo.

Anga_Safi

Mimi ningemwamini wembe. Nyota inapimwa kupitia kilomita nyingi za hewa, na majira haya watu wanachoma nyika kila upande. Halafu kioo kisichopakwa kinarudisha karibu asilimia 4 tu ya mwanga. Umeona nini kweli kwenye giza hilo?

Kijana_wa_Katuba

Asilimia 4 ya kioo cha milimita 200 ni mwanga sawa na ule wa darubini ya milimita 40. Kwa nyota kali inatosha kabisa. Nimerudia usiku mara tatu. Mara ya tatu nikageuza kioo robo mzunguko ndani ya bomba, nione kama ni namna kilivyokaa. Pete hazikubadilika hata kidogo.

LinetiGoma (Goma)

Samahani yaya, naingilia kazi ya watu. Mimi nakata na kuuza lineti, yaani miwani, huku Birere, na nina mashine ya kupima nguvu ya lenzi. Kwa nini usipeleke kioo chako kwa mtu mwenye mashine kama yangu? Na huo wembe unaonaje kitu ambacho jicho halioni? Nauliza kwa kujifunza, siyo ubishi.

Bahari_ya_Kivu (Bukavu)

Maman, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mashine yako inapima nguvu ya lenzi kwenye doa dogo, na mteja wako anaridhika ukifika kwenye robo ya diopta, kile kizio cha nguvu ya lenzi. Haijui umbo la uso. Kijana anatafuta kitu kingine. Ukilinganisha parabola yake na tufe linaloikaribia zaidi, nyuso hizo mbili zinaachana kwa nanometa 226 tu. Unywele wa mtu ni mnene mara 300 hivi kuliko hapo.

Wembe unaona kwa sababu mwanga unasafiri mbali. Taa yenye ufa inawekwa kwenye kitovu cha mpindo, kwake ni mita 2.4 mbele ya kioo. Uso ukiwa tufe kamili, kila mwale unarudi palepale. Ukipitisha wembe hapo, kioo kizima kinazimika kwa pamoja, kijivu kimoja. Kwenye parabola, ukingo unarudisha mwanga mbali kidogo kuliko katikati. Wembe unakata mwanga wa sehemu moja huku wa nyingine bado unapita, na usoni mwa kioo kinatokea kivuli. Kivuli cha parabola kinafanana na ngata, ile mama zetu wanaweka kichwani kubebea ndoo, imemulikwa kutoka upande mmoja.

Ukiona ngata mara ya kwanza unaweza kuapa kwamba kioo kina tuta unaloweza kulishika. Tuta hakuna. Kosa dogo la pembe ya uso linakua likisafiri mita mbili na nusu, na wembe unalipokea likiwa tayari kubwa.

Mwalimu_Fizikia (Bukavu)

Kijana, kabla ya kumhukumu mtu, fanya jaribio hili. Weka kidole gumba juu ya uso wa kioo, hesabu mpaka kumi, ondoa, kisha kimbilia kwenye wembe. Utuambie umeona nini.

Kijana_wa_Katuba

Mwalimu, nimeogopa. Palipokuwa kidole kumesimama kilima, kina kivuli chake kabisa, kama kichuguu cha siafu kwenye uwanja. Kimechukua dakika kadhaa kuyeyuka. Na mkono wangu ulikuwa wa baridi!

Mwalimu_Fizikia

Vizuri. Basi wembe wako unaona, na kioo chako kinatanuka kwa joto la kidole. Ukitoka kukisugua usikipime hapohapo, kipe saa nzima au mbili. Na usipimie mchana chini ya mabati; hewa ya moto itacheza mbele ya kioo kama maji ya mto.

Kijana_wa_Katuba

Napima saa kumi usiku, baridi ya Juni, milango imefungwa. Nasubiri tu malori ya kwenda Kasumbalesa yapite, maana yakipita kivuli chote kinaruka.

PapaMkerezaji (Lubumbashi)

Mutoto, mimi nimekereza chuma miaka mingi, bioo sijui. Lakini nauliza. Ile taa iko inatembea pamoja na wembe, ao inabakia paka pale pa meza?

Kijana_wa_Katuba

Inabaki mezani, papa. Nimeifunga kwa waya pembeni ya kibao ili isitikisike. Wembe peke yake ndio unasogea.

PapaMkerezaji

Na ile hesabu yako, iliandikwa kwa taa gani?

Kijana_wa_Katuba

Nilichukua r² gawanya kwa 2R: r ni umbali wa tundu kutoka katikati, R ni rediasi ya mpindo.

Kijana_wa_Katuba

Aa.

Kijana_wa_Katuba

Bandugu, subirini kwanza.

Mwalimu_Fizikia

Papa amemaliza kesi kwa maswali mawili. Niandike hesabu kwa wanaosoma.

Taa na wembe vikisogea pamoja, safari inagawanywa kati ya kwenda na kurudi, na tofauti kati ya katikati na ukingo ni r²/2R. Taa ikisimama na wembe ukasogea peke yake, wembe unabeba safari yote: r²/R. Kwa matundu ya Kijana, rediasi ikiwa 2,400, namba sahihi baada ya kutoa tundu la kwanza ni 0, 0.93, 1.87 na 2.86. Yeye alisimama kwenye 1.40. Amefika nusu ya njia karibu kabisa.

Kioo alichotengeneza si tufe wala parabola. Ni duaradufu, kati ya hayo mawili. Kwa lugha ya wenye kazi hii, namba ya umbo ni 0 kwa tufe na −1 kwa parabola, na yake iko karibu na −0.5. Kosa lililobaki kwenye kioo ni kama nanometa 113. Mwanga unaligonga ukienda na kurudi, kwa hiyo linahesabiwa mara mbili, 226. Kipimo cha zamani cha mwanafizikia Rayleigh kinataka wimbi lisipotoke zaidi ya robo ya urefu wake, na kwa mwanga wa kijani hiyo ni kama 137. Ndiyo maana Antares ilikuwa inalia. Pete kali ndani ya fokasi na moshi nje yake ni alama ya kioo ambacho hakijachimbwa vya kutosha katikati.

Anga_Safi

Basi nyota ilisema kweli. Nafuta neno langu.

Simba_Kamalondo

Anga, usifute. Hata wembe ulisema kweli. Mwongo ni karatasi ya hesabu.

Bahari_ya_Kivu

Simba leo ametoa neno. Na Kijana usione haya, kosa lako lina ndugu mkubwa angani. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4, kilichosagwa kwa uangalifu ambao sisi hatuwezi hata kuuota. Picha za kwanza zikaja na ukungu. Kioo kilikuwa laini ajabu, kimefuata kipimo chake kwa utii kamili, ila kipimo chenyewe kilikuwa kimeharibika. Kile kifaa cha lenzi na vioo kilichowekwa mbele ya kioo ili umbo lake lionekane kama tufe kilikuwa na lenzi moja imekaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Ukingo wa kioo ukatoka umelazwa kupita kiasi kwa kama mikromita 2.

Kinachoniuma mimi ni kwamba kifaa cha pili, cha kawaida zaidi, kilionyesha kosa hilo hapo kiwandani. Wakakipuuza kwa kuwa kile cha kwanza kilihesabiwa kuwa sahihi zaidi. Wanaanga wakaenda kurekebisha Desemba 1993, kwa vioo vidogo vilivyosagwa na kosa hilohilo kinyumenyume.

PapaMkerezaji

Pa atelie tulikuwa tunasema, kipimo kimoja hakina shahidi.

LinetiGoma

Nimesoma yote, na sasa nina hofu na kazi yangu. Hizi lenzi za progresivu ninazouza, ambazo juu zinaona mbali na chini zinaona karibu, uso wake si tufe. Nani amezipima? Kwa wembe?

Bahari_ya_Kivu

Hapana maman, wembe utachanganyikiwa. Niliwahi kufanya mafunzo ya miezi sita kwenye maabara ya vioo Ulaya, nikuambie nilivyoona.

Kifaa kikuu pale ni intaferomita. Mwanga wa leza nyekundu, nanometa 633, unagawanywa: nusu inapiga uso wa mfano unaoaminika, nusu inapiga uso wako, kisha inarudi kukutana. Inachora mistari myeusi na ya mwanga. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni nusu ya wimbi, nanometa 316 za kioo. Uso ukifanana na mfano, mistari inakaa sambamba kama matuta ya viazi Kabare. Ukiwa na kosa, mistari inajikunja.

Kioo cha Kijana kingeingia hapo bila taabu, kwa kuwa hakijaachana na tufe hata kwa mstari mmoja mzima. Lakini chukua lenzi ambayo imeachana na tufe kwa mikromita 100. Hiyo ni mistari zaidi ya 300, na karibu na ukingo inasongamana mpaka kamera haiwezi kuitenganisha. Unaona kijivu tu. Hapo watu wana njia tatu. Wanaweza kuweka mbele yake hologramu iliyochorwa na kompyuta, inayopinda mwanga uje kwa umbo lilelile la lenzi yako. Ni nzuri sana, ila kila umbo jipya linataka hologramu yake. Wanaweza kupima uso vipande vipande, kila kipande kikiwa kidogo kiasi cha kuonekana, kisha programu ikavishona kama kiraka. Au wanaburuza sindano.

Sindano ndiyo niliyoishika mimi. Kijincha cha almasi au kijitufe cha rubi kinatambaa juu ya uso kwa uzito mdogo sana, kikipita katikati kutoka ukingo hadi ukingo, na mashine inaandika kupanda na kushuka. Inaonekana rahisi. Siku ya kwanza nilipata lenzi yenye kosa la kutisha, nikaenda kumwita msimamizi kwa haraka. Akaangalia, akasogeza lenzi kama sehemu ya kumi ya milimita, akapima tena, kosa likaisha. Sindano yangu haikuwa imepita kileleni. Ilikata kilima pembeni, na kilima kilichokatwa pembeni kina umbo jingine.

Kuna mtego mwingine unaofanana na wa Kijana. Kabla ya kuhesabu kosa, programu inaruhusiwa kuinua, kusogeza na kuinamisha mchoro ili ukae vizuri juu ya umbo lililotakiwa. Ni haki, kwa sababu hakuna anayeweza kuweka lenzi sawasawa kabisa. Lakini kuna kitufe kinachoiruhusu ibadilishe hata rediasi. Ukikibonyeza, kosa linashuka, ripoti inapendeza, na lenzi bado ina rediasi isiyo yake. Ndiyo maana michoro inayofuata kanuni ya ISO 10110 inaandika kosa la rediasi peke yake na kosa la umbo peke yake. Mtu akikuuzia kioo na kukuambia tu kwamba ni "sehemu ya kumi ya wimbi", muulize: wimbi la rangi gani, la kioo au la mwanga uliorudi, na rediasi uliiacha huru? Wengi hunyamaza hapo.

Anga_Safi

Na kosa lenyewe wanalihesabu kutoka kilele hadi bonde au kwa wastani?

Bahari_ya_Kivu

Vyote viwili huandikwa. Kilele hadi bonde kinaweza kuharibiwa na punje moja ya vumbi. RMS, aina ya wastani wa makosa, inatazama uso mzima, na mimi naiamini zaidi, ila nayo inaweza kuficha mfereji mwembamba ukingoni. Nikipewa nafasi naomba picha ya uso, siyo namba.

LinetiGoma

Aksanti sana. Hiyo mashine ya mistari Goma isingefanya kazi. Kuna usiku mlima unatikisa mpaka vikombe vinaongea kabatini.

Bahari_ya_Kivu

Ulaya yenyewe meza yake inaelea juu ya hewa, na bado tulikatazwa kufunga mlango kwa nguvu.

Kijana_wa_Katuba

Nimerudi, wiki mbili baadaye.

Nilifurahi kujua kwamba kosa langu lilikuwa la upande mzuri: kioo cha kuondoa bado kipo. Ningevuka ng'ambo, ningerudi kuanzia tufe. Nikapasha lami, nikaikandamiza upya, nikasugua kwa mipigo mirefu ya umbo la W, kioo juu, dakika kumi tu kila mara. Kisha nakiacha saa mbili kipoe na kukipima. Jioni ya kwanza 1.40 ikawa 1.85. Ya pili 2.40. Hapo nikaanza kutetemeka, nikapunguza hadi dakika nne. Ya tatu nimepata 0, 0.90, 1.80 na 2.75. Mwalimu, nimefika asilimia 96, na mkono wangu unayumba kati ya 0.05 na 0.1, kwa hiyo nimeacha.

Kilichonishangaza ni hesabu niliyofanya nikisubiri kioo kipoe. Milimita 0.1 kwenye bolti yangu ni kama nanometa 8 kwenye kioo. Bolti ya kununua sokoni!

Safari hii sikuamini karatasi. Nimefunga taa juu ya kibao kilekile cha wembe, visogee pamoja, nikapima upya tangu mwanzo. Nimepata 1.38 mahali pa 1.43. Mashahidi wawili, papa. Halafu Antares: pete za ndani na za nje sasa ni mapacha, labda ya nje imefifia kidogo tu.

PapaMkerezaji

Njo vile. Leta hiyo darubini siku moja nione mwezi.

Kijana_wa_Katuba

Nitakuja nayo papa. Sasa shida mpya: mtambo wa kupaka aluminiamu ndani ya ombwe siujui hapa mjini. Nasikia Foucault mwenyewe alipaka fedha kwa maji ya dawa. Kuna mtu amewahi?

Bahari_ya_Kivu

Inawezekana, kwa nitrati ya fedha, amonia na sukari. Kioo kiwe safi mpaka maji yatandae bila kukatika. Na sikia vizuri: mchanganyiko wa fedha na amonia usiuhifadhi chupani hata usiku mmoja, ukikauka unalipuka kwa kuguswa tu. Tengeneza wa kutosha siku hiyo, vaa kinga ya macho, kisha mwaga wote kwa maji mengi kabla hujaenda kula.

Kijana_wa_Katuba

Nitaanza na kipande cha kioo cha dirisha. Uwanjani, siyo jikoni.